Mipira, manila, bizimu au racheti: ufungie nini pikipiki kwenye tela Desemba hii?

Wiki ya tatu ya Desemba ikifika, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hubeba kila kitu. Utaona magodoro juu ya keria, mabati ya nyumba ya mzee, majiko ya gesi, na miaka hii pikipiki zimeongezeka. Sisi tunaopanda Kilimanjaro kila mwisho wa mwaka "kuhesabiwa" nyumbani tunajua sababu. Gari dogo linafika pale lami inapoishia. Kuanzia hapo, kupanda hadi kwenye kihamba cha bibi, lile shamba la ukoo, kushuka sokoni, kumfuata shangazi ng'ambo ya korongo wakati mvua za vuli zimeshalowesha udongo, pikipiki ndiyo miguu. Wengine wanaipeleka ibaki hukohuko: mdogo wao anaanza kazi ya bodaboda, na pikipiki iliyonunuliwa Dar inasubiriwa kama mgeni.

Swali ni namna ya kuifikisha ikiwa nzima. Nimefunga pikipiki kwenye tela kwa njia nne, na mojawapo ilinitia hasara. Nitazilinganisha kama nilivyozitumia, na nitasema wazi ninayoipendelea, na ni kwa pikipiki ya aina gani.

Nianze na ile iliyoniumiza. Tulitoka Dar alfajiri, Boxer ikiwa kwenye tela, imefungwa kwa vipande vinne vya mpira wa tyubu na kamba ya manila iliyozungushwa kwenye usukani na kwenye keria. Kwa macho ilikuwa imekaza. Niliitikisa, tela zima likatikisika nayo, nikaridhika. Tukapita Chalinze, Segera, Korogwe. Karibu na Mombo, baada ya matuta ya rasta ya kijiji kimoja, nilitazama kioo nikaona usukani hauko mahali pake. Niliposimama, pikipiki ilikuwa imeegemea ubavu wa tela, mkono wa klachi umepinda, tangi limekwaruzwa hadi chuma, na petroli inadondoka taratibu kutoka kwenye kabureta. Kijana wa bodaboda aliyesimama kutusaidia alishika mpira mmoja, akauvuta kama manati, akauachia. "Kaka," akaniambia, "huu unashikilia tu. Haufungi."

Maneno yale ndiyo kipimo changu mpaka leo. Kila kifaa nitakachokitaja hapa nakiuliza hilo moja: kinashikilia, au kinafunga?

Tuta linafanya nini

Pikipiki ina shokapu mbele na nyuma, kwa hiyo sehemu yake kubwa inaelea juu ya springi. Tela nalo lina springi zake, mara nyingi ngumu, na matairi madogo yanayohisi kila shimo. Tela likigonga tuta, sakafu inapanda ghafla. Pikipiki kwa uzito wake inachelewa kuifuata, foku, yaani zile shokapu mbili za mbele, zinabonyea, na kwa kitambo kidogo sana kile ulichofungia kinalegea. Halafu foku zinarudi juu na kukivuta kwa mshtuko. Rasta, yale matuta madogomadogo yanayofuatana kabla ya vijiji na vivuko vya shule, zinarudia kitendo hicho mara nyingi ndani ya sekunde chache. Mpira unarefuka, fundo linateleza kidogokidogo, na ndoano isiyo na ulimi inachomoka wakati ule wa kulegea. Siku ile ya Mombo hakuna kilichokatika. Kamba na mipira yote ilikuwa mizima, imelala sakafuni.

Ndiyo maana pikipiki inafungwa ikiwa imebonyezwa. Ukivuta mikanda ya mbele mpaka foku zikashuka kiasi, springi inabaki ikisukuma mikanda juu muda wote, na tuta la kawaida halina nguvu ya kuilegeza. Kiasi gani? Kati ya theluthi na nusu ya mwendo wa foku. Ukibana mpaka mwisho, springi haina tena nafasi ya kufanya kazi, kila mshtuko unaingia moja kwa moja kwenye chuma, kwenye mikanda na kwenye sili za mafuta za foku.

Kuhusu nguvu, kanuni za Marekani na viwango vya Ulaya vya kufunga mizigo barabarani vinakaribiana: mzigo ufungwe uweze kuhimili asilimia 80 ya uzito wake unaposukumwa mbele na breki, na asilimia 50 unaposukumwa pembeni au nyuma. Pikipiki nyingi za bodaboda zina kilo kati ya 110 na 130. Chukua 120. Ukikanyaga breki ya ghafla kwa sababu ng'ombe wameingia barabarani, mikanda yako inashindana na nguvu ya kama kilo 96, sawa na mtu mzima mwenye mwili aliyening'inia kwenye usukani. Kwenye kona kali ni kilo 60 hivi. Si nguvu za kutisha. Mkanda mzuri mwembamba unaziweza, mradi uvute kuelekea upande unaotakiwa na usirefuke.

Mipira

Mpira wa tyubu unapatikana kila kijiwe kwa bei ya maji, na kwa kazi yake hauna mpinzani. Kreti la soda kwenye keria, gunia la mkaa, kuku kwenye tenga: mpira unavuta bila kuchoka na kuufuata mzigo unapojisogeza. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo inayoufanya usifae hapa. Mzigo ukiuvuta zaidi, unarefuka zaidi, na hakuna mahali unaposema basi. Pikipiki inaanza kuyumba juu yake, na kila myumbo unaongeza unaofuata. Jua nalo linaupasua nyufa ndogo usizoziona mpaka uukunje.

Sijautupa. Natumia kipande kimoja kubana mkono wa breki ya mbele ili tairi lisizunguke, na vingine kufungia ncha za mikanda zisipigwe na upepo. Uzito wa pikipiki siuachii tena.

Manila

Kamba tunayoiita manila ilipata jina kutokana na nyuzi za mmea wa abaka wa Ufilipino. Ile inayouzwa madukani kwetu leo ni plastiki, ama nailoni ama polipropilini, na inafaa kujua ni ipi. Nailoni ina nguvu sana lakini inanyumbulika, na ikilowa inanyumbulika zaidi. Polipropilini ni nyepesi na inateleza, fundo lake linajifungua lenyewe usipolirudia.

Nguvu ya kamba si tatizo. Kamba nene kama kidole haitakatwa na pikipiki ya kilo 120. Tatizo ni mikono ya anayeifunga. Utingo wa Fuso anakunja kitanzi katikati ya kamba, anapitisha ncha kwenye pete ya bodi, anairudisha ndani ya kitanzi na kuvuta kwa uzito wa mwili. Fundo lile linazidisha nguvu ya mkono wake mara mbili au zaidi, na akimaliza kamba inalia kama gitaa ukiigonga. Kama unalijua fundo hilo, manila inafunga kweli, tena vizuri kuliko racheti iliyowekwa na mtu asiyejua. Kama unachojua ni fundo la kufungia mbuzi, iache. Usiione rahisi: mtu anakufundisha kwa dakika kumi, unalisahau baada ya mwezi, na siku ya safari unalijaribu saa kumi usiku kwa mwanga wa simu.

Katani naitaja kwa sababu ukifika Korogwe unapita katikati ya mashamba ya mkonge na mawazo yanakuja yenyewe. Inanyumbulika kidogo kuliko nailoni, hilo ni jema lake. Lakini inaoza ikikaa na unyevu, na inakwaruza rangi kama msasa.

Bizimu au racheti

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, kwa sababu vyote viwili vinafunga, na watu wanaosafirisha pikipiki mara kwa mara wanabishana kila siku.

Mkanda wa bizimu ni utepe unaopita kwenye kifungio cha chuma chenye meno. Unavuta ncha kwa mkono, meno yanauma utepe, haurudi. Unabonyeza kwa kidole gumba, unaachia. Nguvu yake inaishia kwenye nguvu ya mkono wako, na kwa pikipiki nyepesi huo ni ulinzi: huwezi kuibana foku ya Boxer mpaka mwisho kwa bahati mbaya. Unaufunga mkiwa wawili. Mmoja anakaa juu ya pikipiki na kuikandamiza mbele kwa uzito wake, mwingine anavuta kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka usukani unyooke. Ukiwa peke yako ni kazi ngumu, kwa sababu mkono unaovuta ndio huohuo unaotakiwa kukandamiza.

Udhaifu wake uko kwenye meno. Utepe ukilowa au ukishika oili, unateleza milimita kwa milimita. Vumbi la barabara linajaa ndani ya bizimu na springi yake inakuwa nzito. Dawa ni ndogo na watu wengi wanairuka: ukishamaliza kuvuta, funga ncha iliyobaki kwa fundo moja kwenye utepe uliokaza, chini kabisa ya bizimu. Meno yakianza kuachia, fundo linazuia.

Racheti ina wenzo na gurudumu la meno. Kila ukisukuma wenzo, utepe unajizungusha kwenye mhimili na haurudi nyuma hata tela likirukaruka toka Ubungo hadi Himo. Haitelezi, na mtu mmoja anaiweza. Kwa pikipiki nzito hakuna kinachoifikia. BMW R 1250 GS, mojawapo ya zile kubwa unazoziona wikendi zikitoka Nairobi kuelekea pwani, ina kilo 249 ikiwa na mafuta. Hiyo ni zaidi ya Boxer mbili, na kuikandamiza foku zake kwa mkono mtupu ni kuumia mgongo.

Lakini racheti haina huruma. Wenzo unaficha nguvu: mkono wako unahisi kazi ndogo huku utepe ukivuta kwa mamia ya kilo. Nimeona pikipiki ambayo foku zake zilibanwa mpaka mwisho na mtu aliyedhani anaipenda. Nimeona pia usukani uliopinda upande mmoja kwa sababu kulia kulivutwa meno matatu zaidi ya kushoto. Pia kuifungua kunahitaji utulivu, kwa sababu inaachia yote kwa mara moja na foku inaruka juu. Simama pembeni, shika usukani kwanza.

Makosa mawili ya racheti yanarudiwa kila msimu. La kwanza ni kuingiza utepe mrefu bila kuuvuta kwanza kwa mkono, mhimili unajaa na wenzo unagoma katikati. La pili ni kinyume chake: utepe haujazunguka mhimili hata mara mbili, na unachomoka kwa mvuto. Vuta kwa mkono mpaka ukaze, kisha sukuma wenzo mpaka upate mizunguko miwili hadi mitatu. Ukimaliza, laza wenzo kabisa na uufunge kwa kile kipande cha mpira nilichokwambia usikitupe.

Ukienda kununua, soma kibandiko kilichoshonwa kwenye utepe. Katika mikanda inayofuata kiwango cha Ulaya, kibandiko cha buluu ni poliesta, cha kijani ni nailoni, cha kahawia ni polipropilini. Chukua buluu. Poliesta inarefuka kidogo sana hata ikilowa, na hilo ndilo tunalolitafuta tangu mwanzo wa makala haya. Tazama pia namba ya uzito ni ya nini. Mikanda mingi ya bei rahisi huandika kwa herufi kubwa uzito wa kukatika. Uzito wa kufanyia kazi ni mdogo: kwa mikanda ya Marekani ni theluthi moja ya ule wa kukatika. Kwa hiyo mkanda ulioandikwa kilo 600 za kukatika, uuhesabu kuwa wa 200. Kwa Boxer, mikanda minne ya namna hiyo yenye upana wa milimita 25 inatosha na kubaki. Kwa ile ya kilo 249 nenda kwenye milimita 35 au zaidi. Na mkanda usio na kibandiko kabisa, hata muuzaji akiapa, urudishe mezani.

Ndoano nayo iangalie. Iwe imepakwa plastiki isikwaruze, na iwe na ulimi wa springi unaofunga mdomo. Wale waliosoma sehemu ya tuta hapo juu wanajua kwa nini.

Unashika wapi: mwili au magurudumu

Mikanda mizuri ikishikwa mahali pabaya inarudi kuwa mipira. Njia iliyozoeleka ni kushika mwili wa pikipiki, yaani sehemu iliyo juu ya springi. Mbele, mahali bora ni kile chuma kinachounganisha foku mbili, chini ya usukani. Zungushia kitanzi cha kitambaa kigumu kila upande, kisha ndoano ishike kitanzi, isiguse chuma. Watu wengi wanaweka ndoano kwenye mikono ya usukani. Kwa Boxer inavumilika ukikaa karibu na katikati, lakini ukienda kwenye ncha, usukani unaweza kuzunguka ndani ya vibano vyake, na nyaya za klachi na breki zinabanwa.

Mikanda ya mbele ielekee chini, nje na mbele, kwenye mwinamo wa kama nyuzi 45. Ya nyuma ishike fremu au mabomba ya keria yaliyochomelewa kwenye fremu, ielekee chini, nje na nyuma. Hapo kila mkanda unapingana na mwenzake na pikipiki inabaki katikati, kama hema lililovutwa pembe nne. Mikanda miwili ya mbele peke yake, ambayo ndiyo desturi ya wengi, inaacha tairi la nyuma liruke pembeni kila tuta.

Njia ya pili ni kushika magurudumu: tairi la mbele linakaa ndani ya kishikio cha chuma, na la nyuma linavalishwa mkanda mpana unaolizunguka na kulivuta sakafuni pande zote mbili. Hapa springi zinabaki huru. Pikipiki inacheza juu kwa juu kama iko barabarani, lakini matairi hayaondoki, na kwa kuwa mkanda haushiki sehemu inayopanda na kushuka, haulegei. Foku hazibanwi hata kidogo, na rangi haiguswi. Kwa safari ndefu naiona njia nzuri sana kwa nyuma. Kwa mbele inadai kishikio imara kwelikweli, kwa sababu sasa hicho ndicho kinachozuia pikipiki isilale.

Mimi nachanganya. Mbele nashika mwili na kubonyeza foku theluthi. Nyuma nashika tairi, halafu naongeza mkanda mmoja kila upande wa fremu bila kuukaza sana.

Jambo moja linalozua ubishi ni kipande cha mbao. Wapanda pikipiki za milimani huweka mbao kati ya tairi la mbele na madigadi ili foku zisibonyee kupita kiasi. Inafanya kazi kwa pikipiki yenye madigadi ya juu, kama Yamaha DT tulizozoea kuziona kwa mabwana shamba. Kwenye Boxer, TVS na nyingine za bodaboda madigadi imefungwa kwenye sehemu ya chini ya foku, inapanda na kushuka pamoja na tairi. Mbao hapo haizuii chochote, inavunja madigadi tu.

Kishikio cha tairi la mbele

Kama una fedha ya kitu kimoja tu mbali na mikanda, iweke hapa. Tairi la mbele likiwa huru, kila breki inalitaka lizunguke au ligeuke. Ukilisukuma hadi ukuta wa mbele wa tela linatulia kwenda mbele, lakini pembeni bado linacheza.

Kishikio rahisi ni mfereji wa chuma wenye upana wa tairi, umechomelewa sakafuni na umeinuka mbele. Changu kilichomelewa Gerezani, kule kwa mafundi chuma karibu na Kariakoo, kwa vipande vya bomba vilivyobaki kwenye kazi nyingine. Fundi alipima tairi langu kwa mkono, akakata, akajaribisha, akapunguza tena. Kina mwaka wa tatu. Kuna na kile cha kiwandani chenye kitanda kinachopinduka: unasukuma pikipiki, tairi linapanda kwenye kitanda, kitanda kinalala mbele na kulifunga, na pikipiki inasimama yenyewe huku wewe ukishughulika na mikanda. Kwa anayesafiri peke yake, tofauti ya bei inalipwa siku ya kwanza. Kwa familia yenye wapwa watatu wa kushikilia, cha Gerezani kinatosha. Kikubwa kwa vyote viwili ni kwamba kimefungwa kwenye chuma cha tela kwa bolti au weldi, si kwenye mbao za sakafu.

Stendi ya pembeni usiitumie. Ukibana pikipiki juu yake, nguvu yote ya mikanda inapita kwenye mguu ule mmoja mwembamba, na kila tuta linaupiga. Stendi ya kati ni mbaya zaidi, inainua tairi na kuweka uzito juu ya miguu miwili inayoweza kukunjika ikisukumwa mbele. Pikipiki isimame kwa matairi yake, iwe kwenye gia ya kwanza, na koki ya mafuta imefungwa.

Tela au pikapu

Wenye Hilux huniuliza kwa nini nihangaike na tela. Inategemea bodi. Hilux ya kabini moja ina bodi ya kama mita 2.3, na pikipiki ya bodaboda yenye mita 2 inaingia na mlango unafungwa. Kabini mbili ina kama mita 1.5 tu, kwa hiyo tairi la nyuma linakaa juu ya mlango ulio wazi, na taa zako za nyuma na namba lazima vibaki vinaonekana. Ukiisimamisha mshazari, tairi la mbele likiwa kwenye kona ya bodi, kona yenyewe inakuwa kishikio. Pikapu inayumba kidogo kuliko tela na haina kingine cha kukaguliwa. Ubaya wake ni kimo: kuipandisha pikipiki kwa ubao mmoja hadi kimo cha kiuno ndipo wengi wanapoumia, na si barabarani. Pandisheni mkiwa watatu, na injini izimwe.

Tela liko chini, ubao ni mfupi, na nyuma ya gari panabaki kwa mizigo ya sikukuu. Lakini lina sheria moja isiyosamehe. Uzito uegemee mbele ya ekseli, kiasi kwamba shingo ya tela inakandamiza gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Ukiweka pikipiki nyuma ya ekseli ili "ikae katikati kwa macho", tela linakuwa jepesi shingoni na linaanza kuchezesha mkia, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyochukua usukani wako. Kwenye tambarare za Same, upepo ukipiga kutoka pembeni huku basi likikupita, utajua mara moja kama ulipakia vibaya. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu.

Kabla ya kuondoka hakikisha taa za tela zinawaka zote na usajili na bima vimekamilika. Trafiki wa Desemba wapo kila baada ya kilomita chache, na wana haki ya kuuliza.

Basi uchague nini

Kwa Boxer, TVS au Honda ndogo, na mkiwa wawili au zaidi wa kufunga: bizimu za poliesta mbele, zikiwa na fundo chini, racheti nyuma, na kishikio cha Gerezani. Huu ndio mpangilio wangu, na nimepanda na kushuka nao bila kugusa mkanda zaidi ya mara moja njiani.

Ukiwa peke yako, weka racheti pande zote nne, lakini uhesabu meno. Sukuma kushoto mara mbili, kulia mara mbili, simama utazame foku. Zikishuka theluthi, acha, hata kama mkono unatamani kuendelea.

Kwa pikipiki kubwa, racheti pana na vitanzi vya kitambaa, na tairi la nyuma livalishwe mkanda wake. Pikipiki ya namna hiyo isifungwe kwenye tela lisilo na pete za chuma zilizofungwa kwenye fremu. Mbao za ubavu hazitaihimili.

Na kama bajeti ya mwaka huu haifiki kwenye mikanda, mtafute utingo mzoefu jioni kabla ya safari, mlipe vizuri akufungie kwa manila, na mwambie akufundishe huku akifunga. Hilo ni bora mara kumi kuliko mipira.

Njiani na mwisho wa safari

Simama baada ya kilomita 15 hivi za kwanza, hata kama unachelewa. Mikanda mipya inajipanga, vitanzi vinakaa sawa, na karibu kila mara kutakuwa na mmoja uliolegea kidogo. Mimi nasimama tena Kibaha, halafu Chalinze, kama kilomita 100 kutoka Dar, halafu kila tunapokunywa chai. Silitikisi tena tela kama zamani. Naweka kiganja juu ya kila mkanda na kuubonyeza katikati. Ukiingia ndani kama godoro, naukaza. Ukinisukuma nyuma, naondoka. Pia naangalia mahali utepe unapogusa kona ya chuma, na nikiona nyuzi zimeanza kusimama kama manyoya, naingiza kipande cha mpira wa tairi katikati.

Ukipiga utepe msokoto mmoja kabla ya kuukaza, hauvumi kwenye upepo, na watoto nyuma ya gari watalala.

Ukifika, usiwe na haraka ya kumwonyesha mzee. Fungua nyuma kwanza, pande zote mbili, huku mbele kukiwa bado kumekaza. Mtu mmoja ashike usukani na akandamize. Kisha legeza mbele kushoto kidogo, kulia kidogo, foku zipande taratibu mpaka zisimame. Vuta mkono wa klachi, toa gia, na mshushe pikipiki kinyumenyume mkiwa mmeishika pande zote mbili, tairi la nyuma likitangulia kugusa udongo wa nyumbani.